Ndege za Vioo Zataka Watu Wenye Macho

Malori yanayofika Makambako, pale barabara kuu iendayo Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, hupita juu ya mizani. Dereva hauoni uzito wa mzigo wake. Anachokiona ni namba iliyoandikwa kwa taa. Namba hiyo ikizidi kiwango, safari inasimama. Mwendo wa kilometa 60 hivi kutoka hapo, katika mashamba ya viazi ya Njombe, mkulima naye anaijua habari ya vipimo kwa uchungu mkubwa zaidi, maana kwa miaka mingi amenyonywa kwa lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa na kuongezewa kilemba huku likilipiwa bei ya gunia moja la kawaida. Dereva na mkulima hao, ambao pengine hawajapata kuonana, wanalijua jambo moja ambalo wasomi wengi hulisahau: kwamba kipimo hakina ukweli wake chenyewe. Ukweli wa kipimo unatokana na watu wanaojua kilivyoundwa, kilivyowekwa sawa na kinavyosomwa.

Katika usafiri wa anga jambo hilo ni la kufa na kupona. Katika muda usiozidi miaka hamsini, chumba cha rubani kimegeuka kabisa. Zile saa za duara zenye mishale, zilizokuwa zimejaa ukuta mzima mbele ya marubani, zimeondoka, na mahali pake pamewekwa vioo vichache vya kompyuta vinavyoonyesha picha, ramani, namba na maonyo. Tanzania imo katika mageuzi hayo, tena kwa fedha nyingi za wananchi. Kwa hiyo ni haki kuuliza: Taifa linaponunua vioo hivyo, linanunua pia ujuzi wa kuviona?

MISHALE NA PIA

Marubani wa mwanzo waliruka kwa kutegemea macho, masikio na hisia za miili yao. Waliponaswa katika wingu, au katika ukungu kama ule unaovifunika vilima vya Njombe wakati wa baridi ya Juni na Julai, miili yao iliwadanganya. Mtu asiyeona upeo wa macho huweza kuamini kwamba ndege imenyooka, kumbe imelala ubavu na inashuka kwa mzunguko. Wengi walikufa hivyo. Tarehe 24 Septemba, 1929, katika uwanja wa Mitchel Field, New York, rubani wa Kimarekani James Doolittle alifunikwa asiweze kuona nje, akapaa, akazunguka na kutua kwa kutazama vipimo peke yake. Alikuwa na kipima-kimo kilichobuniwa na Paul Kollsman pamoja na upeo wa bandia uliotoka katika kiwanda cha Sperry. Tangu siku hiyo ilidhihirika kwamba rubani anayejua vipimo vyake anaweza kuviamini kuliko mwili wake.

Vipimo hivyo havikuwa uchawi. Ndani ya kipima-kimo mlikuwa na kikopo cha bati jembamba kilichotolewa hewa. Ndege inapopanda, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua, kikopo hutanuka kidogo, na mwendo huo mdogo hupitishwa katika magurudumu ya meno mpaka ukausogeza mshale. Mwananchi wa Njombe anaishi na kanuni hiyo kila siku. Mji wake uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni zaidi kidogo ya robo tatu ya ule wa pwani. Kwa sababu hiyo maji ya Njombe huchemka yakifika nyuzi 93 hivi badala ya 100, na mama anayepika maharage hapo hutumia kuni nyingi kuliko mwenzake wa Bagamoyo. Upungufu ule ule unaochelewesha maharage ndio unaousogeza mshale wa rubani.

Upeo wa bandia nao ulitegemea gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa, ambalo hukataa kuinama kwa sababu ile ile inayoifanya pia ya mtoto isimame wima inapozunguka. Kipima mwendo kilitumia mrija unaokinga hewa inayokuja kutoka mbele. Ndiyo maana kipimo hicho huonyesha mwendo wa ndege katika hewa, wala si mwendo wake juu ya ardhi. Mwendesha baiskeli wa Makambako, mji unaofahamika kwa upepo wake, hahitaji maelezo marefu: akikabiliana na upepo, uso wake hupigwa kwa nguvu ilhali ardhi chini yake inasogea polepole.

Vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa katika ndege za East African Airways, shirika lililoundwa mwaka 1946 na kusambaratika mwaka 1977. Katika Super VC10 za shirika hilo, injinia wa ndege alikaa karibu na marubani, kazi yake ikiwa ni kuchunga vipimo vya injini, mafuta na umeme. Shirika la Ndege la Tanzania, lililozaliwa Machi 1977, nalo lilianza na ndege za mishale: Fokker Friendship, Twin Otter na baadaye Boeing 737-200.

MISHALE YAZIDI MACHO

Kadiri ndege zilivyokua, ndivyo vipimo vilivyoongezeka, mpaka vikawa vingi kuliko macho ya mtu. Chumba cha rubani cha Boeing 747 za mwanzo, zilizoanza kubeba abiria mwaka 1970, kilikuwa na taa, vipimo na swichi 971. Hapo ndipo wataalamu, wakiwamo wale wa kituo cha NASA cha Langley nchini Marekani, walipojaribu katika miaka ya 1970 kuziweka habari hizo kwenye vioo vya namna ya televisheni. Badala ya kila habari kuwa na saa yake, kompyuta ingezikusanya, kuzipanga na kumwonyesha rubani zile anazozihitaji kwa wakati ule.

Jaribio likafaulu. Boeing 767, iliyoanza kazi mwaka 1982, ilikuwa na vioo hivyo, na kiti cha injinia wa ndege kikaanza kutoweka. Mwaka 1988 ikafuata Airbus A320, ambayo hata amri za mikono ya rubani hupita kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye mabawa. Boeing 747-400 ilipoanza safari mwaka 1989, zile taa, vipimo na swichi 971 zilikuwa zimepunguzwa zikabaki 365. Baadaye vioo vizito vya televisheni vikaacha nafasi kwa vioo bapa, vyepesi na visivyotoa joto jingi.

Mageuzi hayo yakafika Dar es Salaam kwa kishindo. Septemba 2016 ziliwasili ndege mbili za Bombardier Q400 zenye vioo vitano mbele ya marubani. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8, yenye vioo vitano vikubwa na vingine viwili vinavyopenya mwanga, vilivyowekwa usawa wa macho ili rubani asome vipimo huku akitazama nje. Desemba mwaka huo huo ikafika Airbus A220-300, na Oktoba 2023 ikafika Boeing 737 MAX 9. Mtoto aliyezaliwa wakati Fokker ya mishale ikitua katika viwanja vya mikoani ameishi akaiona nchi yake ikimiliki baadhi ya ndege za kisasa kabisa duniani.

Haifai kuyabeza mageuzi hayo. Kioo humwonyesha rubani ramani, mvua iliyo mbele na milima iliyo karibu. Kwa nchi yenye safu kama za Kipengere na Livingstone, ambako wingu na mlima hukutana ghafula, maonyo hayo ni uhai wa watu. Kompyuta pia hutambua hitilafu mapema na kumwonyesha fundi pa kuanzia. Anayetamani kurudi kwenye mishale kwa sababu tu aliizoea, anatamani kurudi kwenye kibatari kwa sababu umeme hukatika.

KIOO HUSEMA KILICHOAMBIWA

Lakini kuna jambo ambalo halikubadilika. Kioo hakipimi kitu. Nyuma yake ungali mrija unaokinga hewa, yangali matundu yanayopokea mgandamizo wa hewa, na vingali vihisio vilivyochomoza nje, kwenye baridi, mvua na vumbi. Hivyo vikikosea, kompyuta hukosea kwa maandishi mazuri na rangi za kupendeza.

Tarehe 1 Juni, 2009, Airbus A330 ya Air France iliyokuwa ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipita katika mawingu mazito juu ya Bahari ya Atlantiki. Mirija yake ya kupimia mwendo iliziba kwa barafu kwa muda mfupi, namba za mwendo zikawa za uongo, na mtambo unaoiendesha ndege wenyewe ukajiondoa kazini. Ndege ilikuwa nzima na iliweza kuruka. Hata hivyo, marubani hawakutambua hali waliyokuwamo, wakaiinua pua ya ndege mpaka mabawa yakashindwa kuibeba. Watu wote 228 walikufa.

Msiba wa pili unagusa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Tarehe 10 Machi, 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Addis Ababa. Watu 157 walipoteza maisha, Wakenya 32 wakiwa miongoni mwao. Miezi mitano kabla, tarehe 29 Oktoba, 2018, ndege ya aina hiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Katika misiba yote miwili, kompyuta iliisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini taarifa potofu ya kihisio kimoja tu. Kabla ya msiba wa kwanza, marubani hawakuwa wameelezwa na mtengenezaji kwamba mfumo huo umo ndani ya ndege yao. Walifichwa kilicho nyuma ya kioo. Ndege hizo zilizuiwa duniani kote, mfumo ukarekebishwa, na zikaanza kurudi kazini mwishoni mwa mwaka 2020.

Wala tatizo si la ndege kubwa peke yake. Mwaka 2010 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu ndege ndogo zaidi ya 8,000 zilizotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2006. Ndege zenye vioo zilipata ajali kwa kiwango cha chini kuliko zenye mishale, lakini ajali zilizoua zilitokea kwa kiwango cha juu zaidi kwenye zile za vioo. Bodi haikusema vioo viondolewe. Ilitaka marubani wafundishwe aina ya vifaa wanavyovitumia, na namna vifaa hivyo vinavyoharibika. Funzo hilo linauhusu moja kwa moja uwanja mdogo kama ule wa Njombe, kwa sababu ndege zinazofaa viwanja vya namna hiyo ni ndogo, na siku hizi hata ndege ndogo hutoka kiwandani zikiwa na vioo.

BEI YA KUTOJUA

Tanzania imekwisha kulipa bei ya kununua chombo cha kupimia bila kuwa na macho ya kutosha ya kukipima chombo chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa paundi milioni 28. Wataalamu wa nje walisema kwamba mtambo huo ulikuwa ghali mno na haukulingana na mahitaji ya anga la nchi. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, na ikakubali kulipa paundi milioni 29.5 kwa manufaa ya wananchi wa Tanzania. Walimu wanaikumbuka fedha hiyo kwa jina la chenji ya rada, kwa sababu ilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Baadaye Taifa lilinunua rada nne kutoka Ufaransa, na mojawapo ikawekwa Songwe, jirani na Nyanda za Juu Kusini. Ni jambo la kutafakari kwamba kosa la chombo cha angani liliishia kufidiwa kwa vitabu vya darasani. Kama vitabu vingetangulia, huenda kosa lisingetokea.

Onyo jingine ni la karibuni. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiingiza Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 ukayaingiza mashirika yote yaliyopewa hati nchini Tanzania. Wapo waliosema kwamba hiyo ni hila ya wakubwa dhidi ya nchi zinazoinuka. Historia ya wakubwa hao inawapa sababu ya kushuku. Lakini miongoni mwa sababu zilizotajwa Juni 2025 ulikuwamo upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu wa usimamizi wa safari na uzima wa ndege. Mtu mzima akiambiwa nguo yake imechanika haanzi kwa kuchunguza nia ya aliyemwambia. Huitazama nguo kwanza. Kwa jambo hili nguo inajulikana: kuwapata wakaguzi, mafundi na wahandisi wa kutosha wanaojua kilicho nyuma ya kioo.

Kati ya mwaka 2022 na 2023 baadhi ya Airbus A220 za nchi zilisimama kwa sababu ya matatizo ya injini zilizotengenezwa ng'ambo. Hitilafu hiyo ilizikumba nchi nyingine pia, wala haikuwa kosa la fundi wa Dar es Salaam. Hata hivyo ilionyesha wazi kwamba ndege ni mali ya Taifa kwenye hati, lakini mamlaka halisi juu yake yako mikononi mwa wenye ujuzi na vipuri. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Asiyejua kuunda walau ajue kilivyoundwa, la sivyo atakuwa abiria katika chombo chake mwenyewe.

KAZI INAANZIA DARASANI

Misingi ya kujenga ujuzi huo haijakosekana. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Chuo cha usafiri wa anga cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1978, kinawafunza waongozaji wa ndege. Kabla ya hapo, mwaka 1971, nchi za Afrika Mashariki zilikuwa na busara ya kuanzisha chuo cha marubani na mafundi huko Soroti, Uganda. Reli ya TAZARA, inayopita Makambako na iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo haikuacha vituo na mataruma tu. Ilipata pia chuo chake cha wafanyakazi huko Mpika, Zambia. Waliopanga mambo wakati ule, pamoja na umaskini wao, walifahamu kwamba chombo na shule ya chombo ni ununuzi mmoja.

Kanuni hiyo ndiyo inayopaswa kurudishwa kwenye meza za watumishi wa Serikali. Kila mkataba wa chombo cha kisasa, kiwe ndege, rada, mtambo wa hospitali au mizani ya barabarani, uwe na sehemu ya mafunzo yenye uzito sawa na sehemu ya bei. Ofisa anayeusaini aulize maswali matatu: chombo hiki hupima nini hasa, huharibikaje, na ni Mtanzania gani atakayejua kwamba kimeanza kusema uongo? Mkataba usiojibu maswali hayo ni lumbesa, hata kama umefungwa kwa karatasi nzuri.

Lakini mhandisi haanzii chuoni. Anaanzia kidato cha kwanza, mbele ya mwalimu wa fizikia ambaye mara nyingi hana maabara. Mwalimu wa Makambako anaweza kuchukua kopo tupu, akalifunika mdomo kwa puto lililokazwa vizuri, akabandika mrija mwembamba juu yake uwe mshale, na akalifungia kitambaa kizito ili joto lisibadilike upesi. Kopo hilo likipakiwa katika basi la kwenda Njombe, mshale utasogea kadiri mji unavyokaribia. Wanafunzi watakuwa wameunda mfano wa kipima-kimo cha ndege kwa vitu vya jalalani. Watakapoelezwa kwamba rubani huambiwa kwa redio mgandamizo wa hewa wa uwanja anaokwenda kutua ili akiweke sawa kipimo chake, na kwamba akikosea kwa hektopaskali 10 anaweza kukosea kimo kwa mita 80 hivi, wataelewa mara moja kwa nini mizani isiyowekwa sawa ni hatari sokoni na angani pia.

Somo la namna hiyo ndilo lililokusudiwa na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na ndilo linalokusudiwa tena na mkondo wa amali katika mtaala mpya wa sekondari. Kijana anayefundishwa kubonyeza kioo peke yake atakuwa mtumiaji hodari wa vitu vya wengine. Kijana anayefundishwa kilicho nyuma ya kioo anaweza kukisahihisha, kukitengeneza na siku moja kukibuni.

Serikali imefanya sehemu yake kubwa kwa kuleta ndege, na iendelee kuzileta pale hesabu zinaporuhusu. Sehemu iliyobaki haiwezi kupakuliwa uwanjani kwa shangwe na ngoma, kwani hujengwa polepole na walimu wanaolipwa kwa wakati, maabara zinazofunguliwa badala ya kufungwa kwa kufuli, na wakaguzi wanaoheshimiwa hata wanapokataa ndege isiruke. Nchi ikiyapata hayo, vioo vyake vitakuwa madirisha. Ikiyakosa, vitabaki kuwa vioo vya kujitazamia tu.